Zebaki mwaloni: namna ya kuchenjua dhahabu bila kuvuta mvuke wake

Wachimbaji wenzangu wa Geita, Chunya na kwingineko, mwaloni, yaani tunapooshea mawe na kutoa dhahabu, zebaki hutuingia zaidi kwa pumzi kuliko kwa ngozi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukiuvuta, sehemu kubwa hubaki mwilini na kushambulia ubongo na figo. Mikono inayotetemeka, usingizi unaopotea, hasira za ghafla na kusahausahau si uchovu wa kazi tu.

Hatua ya 1. Usitie zebaki kwenye mawe yote yaliyotoka karashani, kwenye mashine ya kusagia. Osha kwanza, utie kwenye mchanga mzito uliobaki. Utatumia kidogo sana.

Hatua ya 2. Vaa glavu za mpira zisizotoboka. Zebaki ikae kwenye chupa imara yenye kifuniko, juu yake maji.

Hatua ya 3, kuchoma. Hapa ndipo tunapoangamia. Donge la zebaki iliyoshika dhahabu lisichomwe wazi kwenye koleo, na kamwe lisichomwe jikoni kwako, watoto wamelala chumba cha pili. Tumia retoti: kikombe cha chuma kinachofungwa kabisa, chenye bomba la kutolea mvuke. Zungushia bomba kitambaa kilicholowa. Mvuke utapoa, utarudi kuwa zebaki na kudondokea kwenye bakuli la maji, nawe utaitumia tena. Ncha ya bomba isizame majini, kwa sababu retoti ikianza kupoa itavuta maji ndani ya chuma cha moto na inaweza kulipuka. Chomea nje, mbali na makazi, upepo ukikupiga mgongoni. Usifungue mpaka ipoe kabisa. Wanunuzi nao wajihadhari: dhahabu iliyochomwa mara moja bado ina zebaki, na hutoka mnapoiyeyusha dukani.

Hatua ya 4. Oga, nguo za kazi zibaki mwaloni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, huku Nyarugusu tukimaliza kuchoma tunakunywa maziwa. Yanasaidia?
Hayasaidii, ndugu yangu. Mvuke umepita mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni.

Na barakoa ya kitambaa?
Huzuia vumbi, mvuke unapita. Inahitajika yenye kichujio maalumu cha zebaki.

Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, tunawauzia wenye sayanidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu. Kuna ubaya?
Upo. Sayanidi huyeyusha zebaki iliyobaki na kuisambaza. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017, unataka zebaki iondolewe kwanza.

Shikamoo mwalimu. Nina mimba ya miezi minne, na kuchenjua ndiyo riziki yangu.
Marahaba, mwanangu. Mvuke unamfikia mtoto tumboni. Omba wenzako wakupe kazi nyingine tangu leo, mbali na wanapochomea. Kliniki mwambie muuguzi waziwazi kwamba umeshika zebaki, uulizie kipimo cha mkojo.