Mapafu yamejaa maji: wa ambulensi anzia hapa
Usimlaze chali, mkalishe wima miguu ining'inie afu ndo maswali. Mara nyingi shida ni moyo, upande wa kushoto ukishindwa kusukuma damu presha inarudi nyuma hadi mapafuni na maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa, ndo maana usiku analalia mito mitatu na akizidiwa anakohoa povu la pinki. Sikiliza mgongoni chini, utasikia kama mafuta ya kikaangoni. Kifua kikipiga filimbi kwa mzee ambaye hajawahi kuwa na pumu, mi nashuku moyo kwanza. Oksijeni ikisoma chini ya 90% mpe, sipapu (CPAP, mashine inayosukuma hewa mapafuni kupitia barakoa) ikiwepo bora zaidi. Dripu ya kukimbiza achana nayo! Nitrogliserini (dawa ya kupanua mishipa ya damu) fuata protokali yenu, ila presha ikiwa chini au kameza Viagra juzi-jana, usithubutu.