Kuchambua ushawishi katika hadithi ya watoto: mfano wa Kima na Papa

Mdogo wangu anasomea ualimu hapa Bukavu. Juzi alinijia na kaye (daftari) yake: "Yaya, kazi ya kuchambua ushawishi nimepata 4 juu ya 10." Alikuwa ameorodhesha mapambo ya lugha: takriri (kurudia maneno), tashibiha (kufananisha kwa "kama") na maswali ya balagha (yasiyongoja jibu), lakini hakuonyesha popote nani alimshawishi nani afanye nini. Tulianza upya hivi.

1. Chagua hadithi ambayo wahusika wanasemezana. Tulichukua Kima na Papa, hadithi ya pwani. (Kwa watoto wa Kadutu, hapa Bukavu, sema "samaki papa", maana kwetu papa ni baba.) Kima humrushia papa matunda kutoka mtini. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima wakitembea huacha mioyo mtini, basi warudi wakauchukue.

2. Toa fotokopi, shika biki (kalamu). Kwenye simu utasoma mbele tu, na kazi hii inataka kurudi nyuma mara kwa mara.

3. Pigia mstari kila ombi. Hapa yako mawili: "twende" na "turudi".

4. Chini ya kila ombi, andika msikilizaji anataka nini au anaogopa nini wakati ule ule. Hapa ndipo mdogo wangu alipokwama, na mimi zamani nilipoteza jioni nzima. Tulikuwa tunatafuta maneno mazuri, kumbe ushawishi unashika pale msikilizaji anapohitaji kitu. Papa anataka moyo. Kwa hiyo kima halii wala haombi huruma. Anakubali haja ya papa, anampa habari asiyoweza kuihakikisha akiwa majini, kisha anamlaumu kidogo: ungeniambia mapema ningeuleta. Lawama hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko yote, kwa sababu sasa papa anarudi kusahihisha kosa lake mwenyewe. Naye papa mwanzoni alitumia deni la fadhila: umenilisha siku nyingi, njoo nami nikukirimu.

Angalia pia usichanganye mhusika na msimulizi. Msimulizi anamshawishi mtoto anayesikiliza, na anafanya hivyo kimyakimya: anatuonyesha ukarimu wa kima kwanza, na uchungu wa papa kwa sultani wake hausimulii kabisa. Tumia ukurasa mwingine kwa msimulizi. Ukiwaweka pamoja utaandika kwamba hadithi inafundisha uongo, na utakuwa umekosea.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aligawa njia za kushawishi katika tatu: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Mgawo huo ni mzuri, ila ulete mwishoni. Ukianza nao utajaza visanduku tu.

5. Futa kipande kimoja usome tena kwa sauti. Tulipofuta ile lawama, kima alibaki kama mtu anayetafuta njia ya kukimbia, na papa angeshtuka. Kipande kikitoka bila kuharibu kitu, kiache nje ya uchambuzi wako.

6. Andika. Taja msemaji, haja ya msikilizaji, maneno yaliyoigusa na tendo lililofuata. Mdogo wangu aliandika: "Kima anamrudisha papa pwani kwa kumfanya aone kwamba yeye papa ndiye aliyesahau kusema."