Kumhudumia mzee mwenye Parkinson nyumbani: anza na saa ya dawa

Nikiitwa kwenye nyumba yenye mgonjwa wa Parkinson, malalamiko huwa yale yale: "Jana katembea mwenyewe, leo hataki hata kunyanyuka. Anatufanyia makusudi." Hafanyi makusudi. Ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza. Vidonge vya levodopa huziba pengo hilo kwa saa chache tu. Dawa ikishika, anatembea. Ikiisha nguvu, anakakamaa. Siku nzima ya mzee ipangwe kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1: Zijue saa zake

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika saa aliyomeza dawa, saa aliyoanza kulegea viungo, na saa aliyoanza kukakamaa tena. Kuoga, kuvaa, mazoezi na kwenda ibadani viangukie ndani ya muda ambao dawa imeshika. Familia nyingi humwogesha mzee alfajiri kabla watu hawajaenda kazini, na hapo ndipo mwili wake ni mgumu kuliko wakati wowote, kwa sababu dawa ya jana imeshakwisha.

Kama daktari ameandika saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni, ni saa hizo hizo, si kukadiria. Weka kengele kwenye simu. Na dawa isikatishwe ghafla, hata siku moja. Inaweza kuhatarisha maisha. Nenda ukanunue nyingine kabla kopo halijaisha.

Hatua ya 2: Tenganisha dawa na chakula kizito

Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa maji ya kutosha. Protini hugombania na levodopa njia ya kuingilia mwilini, kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na maziwa au maharage huweza kuchelewa kufanya kazi. Usimnyime protini, maana wazee hawa hukonda upesi. Ukiona dawa ya mchana haishiki vizuri, ongea na daktari kuhusu kuhamishia samaki na maharage kwenye chakula cha usiku.

Wapo wanaouliza kuhusu upupu. Ni kweli mbegu zake zina levodopa ndani yake, lakini kipimo chake hukijui. Usimchanganyie na vidonge.

Hatua ya 3: Kumnyanyua kitini

Usimvute mikono. Mwambie asogee mpaka ukingoni mwa kiti. Nyayo zirudi nyuma kidogo, chini ya magoti, zikiwa zimeachana. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Wengi huogopa hapa na kujirudisha nyuma, ndiyo maana hawanyanyuki. Hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, kisha asukume kwa mikono kwenye kiti. Wewe simama ubavuni, kiganja chako mgongoni kwake. Akitoka kitandani, akae kwanza ukingoni dakika mbili tatu, kwa sababu presha yake huweza kushuka anaposimama.

Hatua ya 4: Akiganda njiani

Hutokea zaidi mlangoni, kwenye korido nyembamba na wakati wa kugeuka. Miguu inakuwa kama imegundishwa sakafuni huku kiwiliwili kikiendelea mbele, ndipo anapoanguka. Nyamazeni, msimhimize wote kwa pamoja. Asimame wima, aegemee mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena. Weka mguu wako mbele ya wake umwambie, "Babu, ruka huu." Mara nyingi anauvuka papo hapo. Kwenye mlango unaomsumbua kila siku, bandika sakafuni vipande vya utepe wa gundi vya rangi kali, kimoja kwa kila hatua. Kugeuka afanye kwa kuzunguka mduara mpana, si kujipinda papo kwa papo. Mikeka na mazulia yanayokunjika yaondoke, na ndala zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino.

Hatua ya 5: Wakati wa kula

Akae wima, matonge madogo, na asiongeleshwe akiwa na chakula mdomoni. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikiwa kama ina maji kooni baada ya kumeza, mpeleke akapimwe. Chakula huenda kinaingia kwenye njia ya hewa.

Hatua ya 6: Akilazwa

Beba dawa zake na karatasi yenye saa zake, umkabidhi muuguzi wa zamu mkononi. Ratiba ya wodi mara nyingi haifanani na ya kwake, kwa hiyo ombeni kwa heshima saa zake zifuatwe. Mweleze pia kwamba mzee ana Parkinson kabla hajachomwa sindano ya kuzuia kutapika: metoklopramidi, ambayo wengi tunaiita Plasil, huzuia dopamini na humkakamaza. Haloperidoli, inayotolewa mgonjwa akichanganyikiwa, ni vivyo hivyo. Andika majina yote mawili kwa herufi kubwa juu ya ile karatasi.