Simu inakumbuka ulikopita

Umelisahau duka ulilonunua kanga kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe? Fungua Google Maps, gusa picha yako juu kulia, ingia Timeline, chagua tarehe. Utaona ulitoka Mwanakwerekwe saa ngapi, ukashuka Darajani, kisha ukakaa wapi na kwa muda gani. Mimi ndivyo nilivyompata tena fundi niliyemwachia saa yangu, nikakata tamaa ya kuiona.

Ila usiifuate alama ya mahali kwenye ramani hatua kwa hatua. Baina ya kuta ndefu za Mkunazini mawimbi ya setilaiti hugonga huku na huku, na alama hurukia nyumba ya jirani. Ukifika karibu, uliza watu.

Lazima uwe umeiwasha Timeline kabla. Kwa kawaida huwa imezimwa, na siku ambazo haikurekodi hazirudi. Sikuhizi kumbukumbu hukaa ndani ya simu yenyewe, kwenye kompyuta huzioni. Simu ikitumbukia baharini pale Malindi, zimekwenda nayo, isipokuwa uliwasha nakala kwenye ile alama ya wingu humo humo. Na anayeazima simu yako ikiwa wazi huziona pia, mke au mume akiwemo.