Kuotesha Mnazi wa Makapuno kwa Kuokoa Kiinitete

Nazi ya makapuno, inayothaminiwa sana Ufilipino, hujaa nyama laini kama uji mzito kwa sababu ya jeni fichu, yaani jeni isiyojitokeza mpaka irithiwe kutoka kwa wazazi wote wawili, na ukiipanda nzima haioti, kwa kuwa nyama hiyo hushindwa kukilisha kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya nazi. Tafuta mnazi unaozaa makapuno chache katikati ya nazi za kawaida. Nazi zikikomaa, zitikise, na ile isiyosikika maji ndiyo uipasue. Toa kiinitete chini ya jicho laini, kitakase, kisha kioteshe maabarani ndani ya chupa yenye sukari na madini, hatua ambayo uchafu kidogo tu huiharibu yote. Mche ukiimarika, upande mbali na minazi ya kawaida, kwani nazi zitakazotungwa kwa chavua ya minazi hiyo hazitakuwa makapuno.