Qinghao itie mwishoni

Ukichemsha dawa ya Kichina yenye qinghao, yaani ile artemisia ya kupoza joto la mwili, hasa homa inayopanda jioni, usiitie sufuriani pamoja na mizizi na magome. Hayo yatangulie. Qinghao kavu, gramu 6 hadi 12, itie zikibaki dakika tano hivi, funika, kisha epua. Mafuta yake yenye harufu hupotea na mvuke, na artemisinini, kiini chake kinachoua vimelea vya malaria, huharibiwa na moto mwingi. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, hakuichemsha kabisa: aliagiza ilowekwe majini na kukamuliwa. Maelezo hayo ndiyo yaliyomfanya Tu Youyou, mwanasayansi wa China, mwaka 1971, atoe kiini hicho kwa etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na kazi hiyo ikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kwa malaria, njia hii haifai. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini, kiasi kilichomo kikombeni hakitabiriki, na vimelea vilivyosalia vinaweza kuwa sugu. Ukihisi malaria kapime, na ikionekana meza dawa mseto mpaka dozi iishe. Mjamzito asinywe qinghao.