Somo: Kutayarisha mahali pa kuchinjia na kukatia mbuzi nyumbani

Assalamu aleikum ndugu zangu. Idd ya Kuchinja inakaribia, na harusi zimefuatana, basi tulizungumze mapema. Nyama nyingi ya nyumbani huharibiwa na mchanga, nzi na jua, lawama akapewa mchinjaji. Mahali patengenezwe siku moja kabla, mbuzi akiwa bado anakula majani yake. Usiku huo mnyime chakula, maji mwachie: tumbo likiwa jepesi, kupasua kunakuwa rahisi na safi.

1. Shimo. Hapa pwani kibla ni karibu kaskazini kabisa. Mbuzi akilazwa ubavu wa kushoto, miguu ikaelekea kibla, kichwa kinakuja magharibi. Basi shimo la damu lichimbwe mwisho wa magharibi, futi mbili kwenda chini au zaidi, mbali na kisima. Wengi huchimba popote, kisha wanaanza kumburura mnyama wa watu huku na huko. Si vizuri. Na kisu kinolewe kabla, asikione.

2. Mti wa kutundikia. Hapa usifanye ubahili. Pau za kuezekea ni nyembamba. Tafuta boriti ya mkoko, uilaze juu ya nguzo mbili imara, kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Mbuzi wa kilo 30 si mzigo mkubwa, lakini mchunaji huvuta ngozi kwa nguvu zake zote, na boriti ndiyo inayopokea. Kamba mbili, au ndoana za chuma, zipite kwenye mishipa ya nyuma ya miguu. Juu weka makuti au turubai. Kivuli ni lazima: Malindi joto hupita nyuzi 30, na nyama mbichi hailivumilii.

3. Upande mchafu na upande safi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Chini ya boriti ni upande mchafu: ngozi, matumbo, ndoo ya taka. Meza ya kukatia ikae hatua kadhaa kutoka hapo, upande upepo unakotokea. Wakati wa kusi, meza iwe kusini. Wakati wa kaskazi, kinyume chake. Harufu na nzi vinakwenda na upepo. Mchunaji asije mezani mpaka anawe kwa sabuni, kwa sababu manyoya ndiyo yanayobeba uchafu. Wakati wa kuchuna, mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ushike kisu, visibadilishane. Ngozi ikishaachia kidogo, weka kisu pembeni, sukuma kwa ngumi baina ya ngozi na nyama. Hutoboi ngozi, wala hupati nyama yenye manyoya.

4. Vyombo. Visu viwili, kimoja cha kuchunia na kimoja cha kukatia; kinoo; shoka ndogo; gogo lililosuguliwa kwa maji moto na chumvi; mabeseni matatu, la nyama, la maini na figo, la matumbo; maji mengi, ya bomba au madumu yaliyofunikwa. Uzi pia: kabla ya kutoa matumbo, zungushia kisu sehemu ya haja, funga kwa uzi, ndipo uvute. Nyongo na kibofu vitolewe taratibu. Kufunika nyama, chandarua ni kizuri, ila kiwe kisichotiwa dawa.

5. Friji. Usirundike nyama yenye joto. Itandaze vipande kwanza, ipoe, kisha ipange kwa tabaka jembamba. Friji iwe nyuzi 4 au chini. Friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Ili ujue nafasi ya kuacha, tazamia nyama karibu nusu ya uzito wa mbuzi akiwa hai, pamoja na mifupa.

Maswali

*Kutoka Lamu: Nyumba yangu iko mjini, sina ua wa nje, nina kiwanda tu, ule uwazi mdogo wa ndani ya nyumba. Nifanyeje?*
Chinjia na uchunie shamba, dada yangu, mbuzi aje mjini ameshasafishwa, ndani ya chombo chenye kifuniko. Kiwanda kina kivuli, kukatia ni pazuri sana. Weka meza ndefu na mtu wa kulinda, maana paka wa Lamu mnawajua. Damu isiingie kwenye mtaro wa mtaa.

*Kutoka Mambrui: Ini lilikuwa na malengelenge yenye maji. Tulikata sehemu ile tukampa mbwa.*
Msirudie, tafadhali. Huenda ni minyoo, na mbwa ndiye anayeieneza, ikarudi kwa watoto. Zika ndani kabisa, mwite afisa wa mifugo. Na mnyama aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, msimpasue hata kidogo: ugonjwa wa kimeta huua watu.

*Naweza kumtengeneza paa hapo hapo, nikiletewa kutoka msituni?*
Hapana, kaka. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na kukutwa na nyama ya porini ni kosa la jinai. Tena msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una paa nunga, aina ya paa ambao wamebaki wachache duniani.

*Ngozi ya udhiya, yule mnyama wa kuchinja Idd, nimpe mchinjaji iwe malipo yake?*
Mlipe ujira wake kando, kwa pesa. Baada ya hapo ukimpa ngozi kama zawadi, hakuna ubaya. Kama mtaitunza, ipakeni chumvi nyingi upande wa nyama siku hiyo hiyo.